Mbeya City imerudi Ligi Kuu: safari hii tusiwakamie Simba na Yanga

Mzawa wa Mwanjelwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Tangu Mbeya City ipande daraja mwaka huu wa 2025, kila kijiwe kuanzia Kabwe mpaka Uyole kina swali moja: Simba na Yanga wakija kwenye uwanja wetu wa Sokoine tutawafanyaje? Watu wameshaanza kupanga nani amkabe nani, na wengine wanahesabu kwamba hewa ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari itawakata pumzi vijana waliozoea Dar. Hamasa hiyo naipenda. Lakini mimi ni wa zambarau, rangi ya jezi zetu, tangu timu hii ya Halmashauri ya Jiji ianzishwe mwaka 2011, na nawaambia wenzangu wazi: mechi hizo hazijawahi kuwa tatizo letu. Simba tumewafunga, Yanga tumewabana, na daraja tukashuka.

Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Nianze na msimu wa 2013/14, kwa ajili ya wadogo zetu ambao wakati ule walikuwa bado wanasindikizwa shule. Mbeya City ilipanda ikiwa na kikosi cha vijana ambao ukitaja majina yao Kariakoo hakuna anayegeuka, kocha Juma Mwambusi, na jezi ya rangi ambayo hakuna kigogo anayeivaa. Septemba Yanga wakaja Sokoine, 1-1. Siku chache baadaye tukashuka Taifa kwa Simba, 2-2. Novemba tukawa Chamazi kwa Azam, Mwagane Yeya akafunga mabao matatu peke yake, ikaisha 3-3. Mzunguko wa kwanza ukafungwa Yanga wana pointi 28, Azam 27, sisi 27, Simba nyuma yetu. Mechi 13, hakuna aliyetufunga.

Na mabasi, wakuu! Kutoka Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800. Unaiacha Igawa, unapita Makambako na Mafinga, unashuka Kitonga, unakatiza Mikumi, ndipo uanze kuhesabu foleni za kuingia mjini. Watu walikuwa wanasafiri usiku kucha kuifuata timu, wanaingia Taifa wamevaa zambarau kuanzia kichwani mpaka miguuni, wanaimba Koma Kumwanya mbele ya maelfu ya watu wa Simba na Yanga. Kabla ya hapo, mtu wa mkoani akifika Taifa ujue amekuja kushangilia mojawapo ya timu mbili za Kariakoo. Hawa walikuja kushangilia kwao. Kwangu hilo ni kubwa kuliko sare zote nilizotaja.

Aliyetufunga kwanza ni Yanga, Februari 2014, 1-0, bao la Mrisho Ngassa. Tarehe 13 Aprili Azam wakaja Sokoine, wakashinda 2-1 na kutangaza ubingwa mbele ya macho yetu, tena ubingwa ambao hadi leo ndio wa pekee walionao wa ligi. Msimamo ukafungwa hivi: Azam 62, Yanga 56, Mbeya City 49, Simba 38. Timu iliyotoka kupanda ikawaacha Simba kwa pointi 11.

Sasa chukueni kalamu. Katika pointi hizo 49, ni ngapi tulizipata kwa Azam, Yanga na Simba? Nne tu. Sare moja na Yanga, moja na Azam, mbili na Simba, maana hata waliporudiana nasi Sokoine iliisha 1-1. Mechi sita na vigogo, hatukushinda hata moja! Pointi 45 zilizobaki tulizikusanya kwa timu nyingine kumi, katika mechi 20. Msimu ambao kila mtu anausimulia kama msimu tuliowatetemesha wakubwa ulijengwa kwenye mechi za akina Ashanti United, Rhino Rangers, JKT Oljoro na Mgambo, mechi ambazo nchi haikuwa na habari nazo.

Halafu tazameni upande wa pili. Januari 2022, Simba wakiwa mabingwa watetezi, walikuja Sokoine, Paul Nonga akafunga, 1-0, na mjini hakukulalika. Msimu uliofuata, 2022/23, Simba wakaja tena, 1-1. Juni 2023 Yanga, wakiwa wameshatwaa ubingwa, wakatoka Sokoine na sare ya 3-3. Yaani timu mbili kubwa za nchi zote zimekuja nyumbani kwetu msimu mmoja na zote zimeondoka bila ushindi. Na msimu huohuo tukashuka. Mashujaa wa Kigoma walitufunga 3-1 kwao, Uwanja wa Lake Tanganyika, wakaja hapahapa Sokoine wakatufunga 1-0 katika mtoano, wakapanda wao. Hawakuwa Simba wala Yanga. Ilikuwa timu iliyotoka Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu.

Ndiyo maana nasema tuache kukamia. Wiki ya mechi ya Simba au Yanga, mazoezi yanajaa watu, motisha zinamiminika kwa ahadi za kila mwenye duka, wachezaji wanaambiwa wakishinda hii watakuwa mashujaa wa jiji. Wanakimbia mpaka wanadondoka, wanakula kadi, wanaumia. Wiki inayofuata mnakwenda Ruangwa kucheza na Namungo, miguu imekwisha, beki wa kati ana adhabu, na yule aliyeahidi motisha hata hajui kama kuna mechi. Pointi tatu za Ruangwa ni zilezile tatu za Yanga.

Ligi ina timu 16, mechi 30. Toa Simba na Yanga, toa Azam na Singida Black Stars ambao nao wana misuli ya fedha. Umebaki na mechi 22, pointi 66 zipo mezani. Hapo ndipo timu yetu itaishi au itakufa.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni watu wanavyoondoka.

Msimu wa 2014/15 tulikuwa bado na nguvu. Tuliwafunga Simba nyumbani na ugenini, tukamaliza wa nne. Lakini tulikuwa mbali na tatu bora, na shina likawa limeanza kung'olewa. Mwaka 2015 Deus Kaseke akaenda Yanga. Mwaka huohuo Mwambusi naye akaenda Yanga kuwa msaidizi wa Hans van der Pluijm. Nonga, kabla hajarudi kwetu baadaye, akapita Mwadui, naye akatua Yanga. Mwaka 2017 Raphael Daud akafuata njia hiyohiyo ya Jangwani. Simlaumu hata mmoja. Mchezaji ana miaka kama kumi ya kulipwa kwa miguu yake, na nyumbani ana wazazi na wadogo wa kusomesha. Akiitwa na timu inayocheza Afrika, aende kwa baraka zetu.

Ninachouliza ni hiki: anapoondoka, jiji linabaki na nini? Kwenye timu nyingi za mikoani mchezaji husainishwa mwaka mmoja au miwili. Msimu wake wa kwanza hakuna anayemjua, wa pili anang'ara. Mkataba ukibakiza miezi sita, kanuni zinamruhusu kuzungumza na timu nyingine, na ukiisha anaondoka akiwa mchezaji huru. Timu iliyomtoa Iyunga kwenye uwanja wa vumbi, ikamlisha na kumtibu goti, inaambulia kumpungia mkono. Kisha dirisha la usajili likifunguliwa, inaanza upya na vijana wengine wasiojulikana. Mkianza upya hivyo mara tatu nne, siku moja mtapata kizazi kisicho na kipaji cha kutosha, na hapo ndipo timu inaposhuka daraja.

Tofauti ya fedha sihitaji kuwahubiria. Mwaka 2022 Yanga walisaini udhamini wa miaka mitatu wa zaidi ya shilingi bilioni 12, na Simba wakasaini wa miaka mitano wa zaidi ya bilioni 26, na hapo ni mdhamini mmoja tu wa kifuani. Sisi ni timu ya halmashauri. Fedha zetu zinapita kwenye meza ileile ya madiwani inayojadili zahanati, madawati na mitaro. Hatutawafikia kwa matumizi, si kesho wala keshokutwa. Kwa hiyo lazima tuwe hodari katika yale yasiyohitaji mabilioni: kusainisha kijana miaka mitatu minne akiwa bado hajulikani, kumwongezea mshahara na mkataba mapema mara anapoanza kung'ara, na kumuuza kwa bei wakati bado tuna haki ya kumuuza.

Uwanja ni wenu wakuu.

Mwananchi wa Mbagala

Mkuu, mimi ni Yanga damu ila nimesoma mpaka mwisho. Heshima kwako kwa hesabu ya pointi 45, sikuwahi kuiwaza.

Ila sikubaliani na wewe hapo kwenye kukamia. Timu ndogo isipokuwa na njaa na sisi itakuwa na njaa na nani? Kumbuka Ihefu, watu wa mkoa wako huohuo. Novemba 2022 tulikuwa tumecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa, tukaenda Mbarali, wakatupiga 2-1. Oktoba 2023 tukarudi palepale Highland Estates, wakatupiga 2-1 tena. Walitukamia kweli, na nchi nzima ikawajua. Bila ushindi ule nani angeitaja Ubaruku?

Mzawa wa Mwanjelwa

Ndugu yangu Mwananchi, asante kwa kusoma, na asante zaidi kwa kuileta Ihefu, maana mimi niliiacha makusudi nikijua mtu ataileta.

Ile Novemba 2022 naikumbuka vizuri. Ubaruku ni nchi ya mpunga, kiwanja kiko katikati ya mashamba, na mabingwa waliokuwa hawajafungwa kwa zaidi ya msimu mzima wakaondoka wameinamisha vichwa. Siku ile kila mtu wa mkoa huu, awe wa zambarau au wa Prisons, timu nyingine ya hapa Mbeya, alitembea kifua mbele.

Sasa niambie, Ihefu iko wapi? Mwanzoni mwa 2024 timu ilihamia Singida, ikawa inacheza Uwanja wa Liti. Msimu wa 2024/25 ikaitwa Singida Black Stars. Leo mtoto wa Mbarali aliyeshuhudia Yanga ikilala mara mbili mbele ya macho yake hana timu ya Ligi Kuu ya kwenda kuitazama. Jina limekwenda, timu imekwenda, wachezaji wamekwenda. Mmiliki ana haki ya kupeleka mali yake anakotaka, sheria haijavunjwa. Lakini ushindi ule haukuwaachia watu wa Mbarali hata kipande cha timu.

Hapo ndipo ninaposimama. Njaa ya kuwafunga Yanga siikatai, na siku mkija tutapiga kelele mpaka mlima Loleza usikie. Ninachokataa ni kuifanya siku hiyo ndiyo kipimo cha msimu. Ihefu waliwafunga mabingwa mara mbili. Mbeya City ya 2014 haikuwafunga hata mara moja. Ni ipi iliyotikisa msimamo wa ligi?

Mtoto wa Rungwe

Ndaga fijo mwanzisha uzi, umenigusa.

Kabla ya Mbeya City na Ihefu kulikuwa na Tukuyu Stars, Banyambala wenyewe. Vijana wa leo wanadhani Leicester ya Uingereza ndio wa kwanza duniani kufanya maajabu. Mwaka 1986 timu ya wilaya, kutoka mji ambao mvua haikauki na ukitoka nje ya lami unaingia kwenye migomba na chai, ilipanda Ligi Daraja la Kwanza, ambayo ndiyo ilikuwa ligi kubwa enzi hizo, na mwaka huohuo ikachukua ubingwa wa Tanzania Bara. Siyo nafasi ya tatu mkuu, ubingwa! Simba wapo, Yanga wapo, Pan African wapo.

Mwaka uliofuata ikashuka.

Mzee wangu ananiambia wakati ule habari ya mikataba haikuwepo kabisa. Mchezaji akitakiwa Dar anaahidiwa kazi kwenye shirika, chumba cha kuishi, basi. Nani angekataa? Sekilojo Chambua alipita Tukuyu Stars kabla Yanga haijamfanya jina la taifa. Sisi Rungwe tukabaki na picha na hadithi.

Kwa hiyo hoja yako naiunga mkono, ila naongeza kwamba ugonjwa huu una umri wa karibu miaka 40 katika mkoa huu.

Mzawa wa Mwanjelwa

Mzee asalimiwe sana, mkuu. Nilikuwa nasubiri mtu wa Rungwe aiseme hiyo mwenyewe, maana mimi wa mjini nikiisema inakuwa kama nimeiazima.

Ukiangalia orodha ya mabingwa wa Bara inaumiza. Tukuyu 1986, Coastal Union 1988, Mtibwa Sugar 1999 na 2000, Azam 2014. Toa Azam na fedha zake, na utaona kwamba tangu Mtibwa, yaani robo karne, hakuna timu ya mkoani iliyoonja. Simba wamechukua minne mfululizo kuanzia 2018, Yanga nao minne mfululizo kuanzia 2022. Na Mtibwa wenyewe, mabingwa wa mara mbili, wameshuka na sasa wamepanda pamoja nasi.

Hata KenGold wa Chunya, majirani zetu, walipanda msimu wa 2024/25, wakaucheza huo mmoja wakarudi chini. Mkoa wetu unajua kupandisha timu. Haujui kuzibakiza, ukiacha Prisons, na Prisons wanabaki kwa sababu nyuma yao kuna Jeshi la Magereza lenye ajira: kijana akiumia goti bado ana kazi. Sisi hatuna ajira ya kumpa mtu, tuna mkataba tu. Basi huo mkataba uwe wa maana.

Mnyama wa Ilala

Kaka, nakuelewa lakini mnapenda sana kutuona Simba na Yanga kama wezi. Soka ndivyo lilivyo dunia nzima. Sisi wenyewe Simba mwaka 2021 tulimpoteza Luis Miquissone kwenda Al Ahly na Clatous Chama kwenda RS Berkane ndani ya dirisha moja. Yanga walimpoteza Mayele kwenda Pyramids. Mbona hatukulia? Mkubwa ana mkubwa wake.

Mzawa wa Mwanjelwa

Mnyama, neno wizi sijalitumia popote, rudia kusoma. Na mfano wako ndio ninaoutaka.

Miquissone na Chama waliondoka wakiwa na mikataba. Al Ahly na Berkane walilazimika kukaa mezani na Simba na kulipa. Mayele vilevile. Fedha zikaingia, mkasajili wengine, timu ikaendelea kucheza Afrika. Mlimpoteza mchezaji, hamkupoteza thamani yake. Sisi tumekuwa tukipoteza vyote viwili.

Na kuna fedha nyingine ambayo timu za mikoani haziifikirii. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akihama kimataifa kwa ada, akiwa bado na mkataba, asilimia 5 ya ada hiyo inagawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kijana akilelewa Mbeya miaka mitatu, akaenda Dar, na baadaye akauzwa Misri au Ulaya, Mbeya ina haki ya sehemu yake. Lakini ili uidai lazima jina lake liwe limesajiliwa kwa tarehe sahihi, miaka yote uliyomlea, na kumbukumbu ziwepo TFF, shirikisho la soka nchini. Timu ya vijana isiyosajiliwa sawasawa, ambayo kocha ana orodha kwenye daftari lake la mfukoni, haitapata hata senti. Kazi hii haihitaji mabilioni. Inahitaji karani mmoja makini na kompyuta.

Dada wa Soweto

Kaka zangu mmeongea mikataba, mmeongea FIFA, sawa. Mimi niseme la jukwaani.

Siku Simba au Yanga wakija Sokoine, nusu ya uwanja inakuwa nyekundu au kijani na njano, na hao siyo wageni. Ni majirani zetu, ni mafundi wa SIDO, ni walimu wanaofundisha watoto wetu. Mtu amezaliwa Meta, amesoma Mbeya, hajawahi kuishi Dar, na anaishangilia timu ya Jangwani dhidi ya timu ya mtaani kwake. Kijana wetu wa miaka 20 anapiga kona anazomewa nyumbani kwao. Mnategemea abaki?

Mwaka 2014 ilikuwa tofauti, nilikuwepo. Hata waliokuwa na kadi za Simba na Yanga ndani ya kabati walivaa zambarau. Hiyo ndiyo iliyowashtua Dar kuliko mpira wenyewe. Mimi naomba jezi zipatikane Soko la Mwanjelwa na Kabwe kabla ya mechi ya kwanza, za watoto pia, kwa bei ambayo mama anaweza kununua bila kuahirisha unga.

Mzawa wa Mwanjelwa

Dada, umesema kitu ambacho nilikizunguka bila kukifikia.

Wachezaji wanasikia. Mchezaji wa Mbeya City anapocheza na Yanga Sokoine na kusikia bao la wageni likishangiliwa kuliko lake, anajifunza kwamba hata watu wake wanaamini sehemu ya maana ni kule. Wakala akimpigia simu usiku ule, nusu ya kazi yake imeshafanywa na jukwaa.

Na hapa sitaki kumlaumu mtu anayeipenda Simba au Yanga. Mapenzi yale yamerithiwa kwa baba na babu, yana historia ya tangu kabla ya uhuru, na redio ndiyo iliyoyapeleka mpaka Kyela na Ileje wakati hakuna timu nyingine iliyosikika. Ninachoomba ni kidogo: dakika 90 ambazo timu ya mji wako iko uwanjani, iwe yako, hata kama mpinzani ni timu ya baba yako. Mwaka 2014 iliwezekana, na waliofanya hivyo ni watu walewale walioko mitaani leo.

La jezi za watoto naliunga mkono kwa mikono miwili. Mtoto wa miaka saba aliyevaa zambarau leo ndiye tutakayekaa naye Sokoine mwaka 2035.

Mfanyabiashara wa Tunduma

Wakuu, mnazunguka sana. Dawa ni moja, halmashauri iuze timu kwa tajiri. Tajiri akija, mikataba mirefu italipwa, viwanja vitajengwa, mambo yataisha. Serikali haiwezi kuendesha mpira. Mkurugenzi akihamishwa, mipango yote inaanza upya.

Mzawa wa Mwanjelwa

Mkuu, hapo kwa mkurugenzi kuhamishwa umesema kweli tupu, na ni udhaifu wa timu zote za halmashauri nchini, siyo yetu peke yetu. Mwaka huu una kiongozi anayependa mpira, mwaka ujao una anayeuona kama gharama.

Lakini kuuza moja kwa moja, hapana, na sababu nimeshaitoa: Mbarali. Tajiri anaweza kulipa mishahara kwa wakati, na siku biashara yake ikimwita mkoa mwingine, atahama na timu. Hata kwa Simba na Yanga, zenye matajiri wakubwa kiasi kile, utaratibu uliowekwa unataka wanachama wabaki na asilimia 51. Kama wakubwa wamewekewa ulinzi huo, sisi wadogo tunauhitaji mara mbili. Mwekezaji aje, ila mkataba useme jina ni Mbeya City, uwanja wa nyumbani uko Mbeya, rangi ni zambarau, na hisa za jiji na mashabiki haziuzwi bila sisi kuulizwa. Anayekubali hayo, karibu sana. Asiyekubali, hakuja kwa ajili ya Mbeya.

Kisha fedha siyo kwamba hakuna kabisa. Mkataba wa haki za matangazo wa mwaka 2021 ni wa miaka kumi, zaidi ya shilingi bilioni 225, na kila timu ya Ligi Kuu ina fungu lake kila msimu inaobaki ndani. Kubaki ndani kwenyewe ni mradi. Misimu mitano mfululizo Ligi Kuu, hata ukimaliza wa tisa kila mwaka, inakujenga kuliko kumfunga Simba mara moja na kushuka.

Mwananchi wa Mbagala

Mkuu, nimeelewa sasa. Lakini sema lengo ni nini. Shabiki anahitaji kitu cha kushikilia. Ukimwambia Mbeya nzima "tumalize wa tisa" hawatapanda basi.

Mzawa wa Mwanjelwa

Swali zuri, nalijibu kwa namba.

Kwenye zile mechi 22 na timu za saizi yetu nataka pointi 33, yaani nusu ya zilizopo. Tukizipata hizo, mechi nane za vigogo tutacheza tukiwa na amani, na timu inayocheza kwa amani ndiyo iliyotoka Chamazi na 3-3. Chochote tutakachookota huko ni nyongeza. Na mwisho wa msimu nataka kusikia vijana wasiopungua watano walioongezewa mikataba kabla dirisha halijafunguliwa. Orodha hiyo ikitangazwa nitaisherehekea kama bao.

Kuhusu basi: watu wa zambarau wameshaanza kuchangishana kwa ajili ya mechi ya Yanga Dar. Sawa, waende. Mimi napendekeza basi lingine, la Kigoma. Njia ni Tunduma, Sumbawanga, Mpanda, ni ndefu na inachosha, lakini Mashujaa ndio waliotushusha, na vijana wetu watakapoingia Lake Tanganyika wanastahili kuona zambarau jukwaani. Ratiba ikitoka nitaleta hapa tarehe na makadirio ya nauli. Anayetaka kwenda aandike "Kigoma" hapa chini ili tujue tunatafuta Coaster au basi kubwa.

Dada wa Soweto

Kigoma. Niandikieni nafasi mbili, nakuja na mwanangu.

Mtoto wa Rungwe

Kigoma.